Usinunue programu, tumieni OJS yote

Ndugu, umeuliza kama jarida la idara lenye wahariri watatu linunue programu ya kusimamia makala. Hapana. Open Journal Systems, yaani OJS, inayotengenezwa na mradi wa PKP (Public Knowledge Project) kule Canada, ni ya bure, na majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yanaitumia.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaisimika kisha tunaigeuza kabati: toleo likishaiva ndiyo tunapakia PDF, ila kazi yenyewe bado iko kwenye barua pepe. Niliwahi kuhariri jarida ambalo makala moja ilikuwa na mafaili manne, moja likiitwa "mwisho_kabisa2", na mtathmini akatumiwa lile la zamani. Wiki tatu zikaenda na maji. Makala zikipokelewa na kutathminiwa humo humo kwenye mfumo, kila rasimu inabaki na tarehe yake, na mtathmini anayechelewa anakumbushwa na mashine, si wewe kumpigia simu usiku.

Halafu jazeni jina la mwandishi, ikisiri na marejeo kwenye visanduku vyake. Google Scholar, ile injini ya kutafuta makala za kitaaluma, inategemea hizo taarifa, na wavivu tuko wengi hapo.

Kuhusu DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, Crossref, shirika linalozisajili, tangu 2023 ina mpango unaofuta ada kwa wachapishaji wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo.

Ila kwanza kabisa, ulizia nani ana nywila ya seva. Kama ni kijana mmoja tu wa IT mwenye mkataba wa muda, anza na hilo leo.