Maswali ya Wasomaji: Nakala ya Hifadhidata Yenye Baiti Sifuri

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu wa chama cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Taarifa za wanachama wetu zimo katika hifadhidata ya PostgreSQL, na kila siku saa nane usiku kompyuta nyingine iliyoko ofisini huchukua nakala kwa amri ya pg_dump, ambayo fundi aliyetufungia mfumo aliiandika akaiacha kwenye cron, yaani programu inayoendesha kazi zenyewe kwa saa zilizopangwa. Mwezi uliopita seva yetu ilipandishwa kutoka toleo la 12 hadi toleo la 16. Juzi nilifungua folda ya nakala, nikakuta faili la nakala lipo na tarehe yake ni ya siku hiyohiyo, lakini lina ukubwa wa baiti sifuri. Hakuna aliyepata taarifa ya kosa lolote. Je, kimetokea nini? Amri yenyewe ni hii:

pg_dump -h seva -U chama akiba > /nakala/akiba.sql

Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, keti mbele ya seva yenyewe, ambako pg_dump ya toleo la 16 imekwisha kuwekwa, uchukue nakala moja kwa mkono kwa amri ya pg_dump -U chama -Fc -f akiba.dump akiba, kisha uitoe nje ya mashine hiyo. Chama chenu kimekaa mwezi mzima bila akiba ya kumbukumbu zake, na maelezo yangu yanaweza kusubiri dakika kumi.

Seva ilipandishwa toleo, lakini kompyuta ya ofisini inayochukua nakala ilibaki na pg_dump ya toleo la 12. Chombo hiki hukubali kusoma seva ya toleo la nyuma yake, ila hukataa katakata seva ya toleo kuu lililo mbele yake, kwa sababu majedwali ya ndani ambamo PostgreSQL hutunza maelezo ya hifadhidata hubadilika toleo hadi toleo, na chombo cha zamani hakiwezi kujua ni kitu gani kipya kinachokipita. Kwa hiyo huandika kwamba matoleo hayalingani, kisha hujiondoa. Mimi naona kukataa huko ni afadhali kuliko kukupa nakala yenye mapengo usiyoyajua.

Faili tupu nalo limetokana na ile alama ya > katika amri yenu. Programu inayopokea amri hutengeneza kwanza faili lililotajwa baada ya alama hiyo, likiwa halina kitu, ndipo humwita pg_dump alijaze. Naye pg_dump akigoma, faili hubaki hivyo hivyo, na tarehe yake mpya ikamdanganya kila anayepitisha macho kwenye folda. Ujumbe wa kosa ulitolewa kila usiku, lakini cron huutuma kwenye sanduku la barua la akaunti iliyo ndani ya mashine ileile, na katika ofisi nyingi sanduku hilo ama halijawekwa kabisa ama halina msomaji.

Usijilaumu kupita kiasi. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu mtandaoni, ilipatwa na jambo la namna hii, na yenyewe ikalieleza hadharani: mhandisi alifuta folda ya data kwenye seva isiyokusudiwa, na walipokimbilia nakala za pg_dump wakakuta hakuna kitu, kwa kuwa pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa ikijaribu kusoma seva ya 9.6. Barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa na mfumo wao wa barua. Waliokolewa na nakala ya diski iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla kwa kazi nyingine, wakapoteza data ya takribani saa hizo sita.

Sasa fungeni kwenye kompyuta ya ofisini pg_dump ya toleo la 16 (kwa Debian na Ubuntu kifurushi chake huitwa postgresql-client-16), mhakikishe kwa pg_dump --version, kisha badala ya ule mstari mmoja wekeni hati hii:

#!/bin/bash
set -e
leo=$(date +%F)
pg_dump -h seva -U chama -Fc -f /nakala/akiba.muda akiba
pg_restore --list /nakala/akiba.muda > /dev/null
mv /nakala/akiba.muda /nakala/akiba-$leo.dump

Neno set -e husimamisha hati mara tu amri moja inaposhindwa, kwa hiyo faili halipewi jina lenye tarehe mpaka nakala ikamilike na orodha ya yaliyomo isomeke. Asubuhi mkikosa faili lenye tarehe ya siku hiyo, mtajua kuna tatizo. Neno la siri lisiandikwe ndani ya hati. Likae katika faili la .pgpass kwenye folda ya akaunti inayoendesha kazi hiyo, na ruhusa zake ziwe 600, la sivyo pg_dump italipuuza. Katika cron saa nane usiku huandikwa 2, maana hesabu yake si ya saa zetu. Nimewahi kukuta nakala ikichukuliwa saa mbili asubuhi, wateja wakiwa wamejaa dirishani, kwa sababu mtu aliandika 8.

Hata hivyo, pg_restore --list husoma orodha tu, haigusi data yenyewe. Kwa hiyo walau mara moja kwa mwezi tengenezeni hifadhidata ya majaribio kwa createdb jaribio, irejesheni nakala humo kwa pg_restore -d jaribio, kisha mlinganishe idadi ya wanachama na jumla ya akiba zao na taarifa ya siku ile nakala ilipochukuliwa. Kumbukeni pia kwamba pg_dump haichukui majina ya watumiaji wa seva na maneno yao ya siri. Hayo huchukuliwa na pg_dumpall --globals-only.

SWALI: Duka letu la dawa hapa Mombasa halifungwi usiku. Je, pg_dump itasimamisha mauzo? Au ninakili tu folda ya data, ambayo naona ni haraka zaidi?

Msomaji, Mombasa

JIBU: Mauzo hayatasimama. Pg_dump husoma hali ya hifadhidata kama ilivyokuwa kazi ilipoanza, na wauzaji huendelea kuingiza risiti zao, ila risiti za baada ya hapo hazitakuwemo katika nakala hiyo. Kitakachosubiri ni amri za kubadili umbo la jedwali au kulifuta, na hizo fundi wako asizifanye saa hiyo. Folda ya data usiinakili seva ikiwa inafanya kazi, kwani mafaili yake yatanakiliwa kila moja katika dakika yake na huenda nakala isiwake kabisa. Ikiwa kupoteza mauzo ya siku nzima ni hasara msiyoweza kuibeba, mwambie fundi wako aanze na pg_basebackup, ambayo hunakili mafaili yote ya seva kwa usalama ikiwa inafanya kazi, kisha aweke utaratibu wa kuhifadhi kumbukumbu za WAL, yaani rekodi ya kila badiliko, kwenye mashine nyingine, ambao huwezesha kurudisha hifadhidata hadi dakika chache kabla ya ajali.