Mlonge, vitunguu na misuli ya Mama

Bangili ndiyo iliyonishtua. Miaka yote ilimbana Mama kifundo cha mkono. Siku hiyo alipoinua mikono kufunga kilemba, ikateremka hadi karibu na kiwiko. Ana baridi yabisi ya siku nyingi, nami nilidhani inatesa viungo tu. Kumbe uvimbe usiopoa hula hata misuli: mwili humwaga kemikali kama TNF, nazo huamsha vimeng'enya vinavyovunja protini za misuli. TNF hiyo zamani iliitwa pia kakektini, kwa jinsi inavyokondesha.

Nikakimbilia unga wa mlonge. Muuzaji aliapa kwamba flavonoidi zake, yaani kemikali za asili za mimea, zinarudisha nyama mwilini. Mama akawa anashiba uji wa mlonge asubuhi na jioni, samaki na maharage anavigusa tu. Mwezi ukaisha, miguu ikazidi kuwa myembamba. Kosa langu hilo, si la mlonge.

Maana flavonoidi si uongo. Mojawapo, kwasetini, iliyomo kwenye vitunguu na mlonge, hupoza uvimbe kwenye seli za maabara, na katika baadhi ya majaribio panya wagonjwa waliopewa hawakukonda sana kama wenzao. Ila hao ni panya, tena kwa dozi iliyopimwa. Sisi tukiila, utumbo hufyonza kidogo tu.

Siku hizi sahani ya Mama inaanza na dagaa, yai au choroko, kila mlo. Mboga na vitunguu vinafuata. Kitunguu chekundu nakimenya kwa uchoyo, kwa kuwa tabaka za nje, chini ya ganda kavu, ndizo zenye kwasetini nyingi. Nikikichemsha simwagi maji, sehemu yake huhamia humo. Chai anakunywa baadaye, si pamoja na chakula, kwani hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Juisi ya choya nilimuuliza daktari kwanza: Mama anatumia dawa za presha, na choya nayo hushusha. Dawa za baridi yabisi haachi hata siku moja, ndizo zinazozima uvimbe wenyewe.

Halafu kuna kiti cha plastiki pale uani. Anasimama na kuketi bila kujishika, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alifika mara 3, akanitukana. Juzi kafika 11, akaagiza nisogee, namzibia jua.