Bati 30 nilizomwahidi Mungu

Kama una ahadi ya kanisani ambayo hujaitoa, huenda mbinu yangu unaijua: nilihama ibada. Miaka yote nilikuwa mtu wa ibada ya pili, benchi la tatu. Baada ya harambee ya kuezeka kanisa mwaka 2019, nikawa wa ibada ya kwanza, saa 1 asubuhi, nyuma kabisa karibu na mlango. Baraka ikishatolewa tu, nimeshavuka geti. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, bidii hii imetoka wapi?" Nikamwambia asubuhi akili inatulia.

Nilikuwa nakimbia bati 30 za geji 28. Nilizitaja mwenyewe kwenye kipaza sauti, vigelegele vikapigwa, nikarudi kukaa nimevimba kichwa. Na hela nilikuwa nayo, vitunguu vilikuwa vimeniuzikia vizuri msimu ule. Nikasema nitanunua wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na pikipiki ya mtu aliyekuwa anauza kwa shida. Msimu uliofuata bei ya vitunguu ikaanguka, nikapata kisingizio safi, nikakitumia miaka miwili. Tukisimulia habari hizi huwa tunaanzia pale bei ilipoanguka. Pikipiki hatuitaji.

Nilitafuta na njia ya mkato. Nilikwenda dukani kuulizia geji 32, maana geji ikipanda namba, bati linapungua unene na bei. Likishapigiliwa juu kule, nani atajua? Siku chache baadaye nikafungua Walawi 27 na kukuta kwamba mtu aliyemwekea Bwana nadhiri ya mnyama haruhusiwi kumbadili, mwema kwa mbaya. Nikaifunga Biblia.

Nilipoifungua tena, mstari wa 8 ndio ulionisimamisha. Mtu akiwa maskini, hawezi kutoa thamani iliyopangwa kwa nadhiri yake, asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Mahubiri ya Mhubiri 5, kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, nimeyasikia mpaka nimeyakariri, na kazi yao kwangu ilikuwa kunisogeza karibu zaidi na mlango. Huu wa Walawi sikumbuki kuusikia madhabahuni. Torati ilishajua watu watajipima vibaya, ikawaachia njia, ila njia yenyewe inapita mbele ya kuhani. Ukijikadiria peke yako chumbani, utatoka na jibu unalolitaka.

Basi nikaenda kwa mhazini wetu, mama mtu mzima, jioni, nyumbani kwake. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Yeye akatoa kauntabuku lake, akalifungua penye jina langu: bati 30, kwa penseli. Upande wa malipo, patupu.

"Ahadi naandika kwa penseli, malipo kwa wino," akasema. "Haya, unaweza ngapi?"

Nikasema tatu kwa mwezi. Akaandika, akaniongezea chai. Miaka miwili ya kujificha iliishia hapo, kwenye kikombe cha pili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama unadaiwa, usisubiri kiasi kitimie ndipo ujitokeze. Nenda na kidogo, tena nenda kwa mtu, useme ukweli ukiwemo wa pikipiki. Na kama hujaahidi bado, usitaje kiasi siku ileile ya vigelegele. Sema umeguswa, utaleta jibu Jumapili ijayo, kisha mkae na mwenzio mpige hesabu za ada na mbolea. Mhubiri akikubana kwamba usipotamka sasa hivi baraka inakupita, kaa chini. Mimi nilimalizia bati zangu kwa miezi kumi na mmoja, mwezi mmoja nilikwama, nikaenda kusema kwamba nimekwama.

Iko nadhiri nyingine ambayo haimo kwenye kauntabuku la mtu. Mwanangu alipolazwa akiwa mdogo, usiku mmoja wodini nilimwambia Mungu kwamba mtoto huyu akitoka salama, nitakuwa narudi kila mwezi na sabuni na uji kwa wale wasio na ndugu wa kuwahudumia. Alitoka. Sasa yuko darasa la nne, anacheza mpira mpaka giza linaingia. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu hakuna ibada ya kuihama wala mama wa kunifungulia daftari. Nimeianza mwaka huu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwezi uliopita sikwenda, nilijisemea shamba. Nimemweleza mke wangu, na sabuni za Jumamosi hii ameziweka juu ya tanki la pikipiki, mahali ambapo siwezi kupanda bila kuzishika.