Seva inaanguka kwa vichakataji viwili, inatulia kwa kiini kimoja

SWALI: Mhariri, ofisini kwetu tuna seva ya Linux yenye vichakataji viwili, kila kimoja kikiwa na viini 8, yaani vitengo 8 vya kufanyia hesabu. Usiku, nakala rudufu ya hifadhidata inapotengenezwa, kerneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, huanguka, na mashine hujiwasha upya kabla hatujasoma maandishi yaliyotokea kwenye skrini. Tumebadilisha pawa saplai bila mafanikio. Fundi alitushauri kuiwasha kwa kigezo cha maxcpus=1, kinachoiamuru itumie kiini kimoja tu, na tangu hapo haijaanguka, ingawa imekuwa nzito mno. Je, kichakataji cha pili kimekufa, tununue kingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, msinunue bado. Jaribio la fundi wenu lina thamani, lakini linathibitisha machache kuliko mnavyodhani, kwa sababu mashine ikiendeshwa kwa kiini kimoja mambo mengi hubadilika kwa pamoja: joto hupungua, umeme unaotumika hupungua, na memori ya upande wa pili huguswa kwa nadra. Katika seva ya soketi mbili, yaani yenye sehemu mbili za kuchomeka vichakataji, kila kichakataji kina memori yake, na Linux kwa kawaida huanza kuipa programu memori iliyo karibu na kiini kinachoiendesha. Hivyo kadi mbovu ya memori upande wa pili inaweza kujificha muda mrefu, na lawama zote zikakiangukia kichakataji kisicho na hatia.

Uwezekano mwingine, ambao binafsi ningeupa uzito mkubwa zaidi, ni kosa la programu linalojitokeza pale tu viini viwili vinapogusa data ileile kwa wakati mmoja. Chukulia draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, inayohesabu watumiaji wa kipande fulani cha memori. Viini viwili vikisoma hesabu ya 1 kwa mpigo, bila kufuli la kukifanya kimoja kisubiri kingine, kisha kila kimoja kikaandika 2, hesabu iliyopaswa kuwa 3 hubaki 2. Watumiaji wawili wakiondoka, kerneli huamini hakuna aliyebaki, hukigawa kipande hicho kwa kazi nyingine, na mtumiaji wa tatu huendelea kuandika juu ya data isiyo yake. Kerneli huanguka baadaye, pengine katika sehemu isiyohusika kabisa na draiva hiyo. Kwa kiini kimoja mgongano wa namna hii hutokea kwa nadra sana, na shughuli nzito kama nakala rudufu ndiyo inayouchochea.

Basi kabla ya kugusa kifaa chochote, uhifadhini ule ujumbe unaowapotea. Wekeni kdump, ambayo hutenga sehemu ya memori kwa ajili ya kerneli ya pili. Ile ya kwanza ikianguka, ya pili huamka na kuandika hali ya memori kwenye diski, kwa kawaida ndani ya /var/crash. Mkiona humo maneno “Hardware Error”, kifaa chenyewe ndicho kilichotoa taarifa. Mkiona “Tainted” ikifuatwa na herufi P au O, kuna moduli, yaani kipande kilichoongezwa kwenye kerneli, ya umiliki binafsi au iliyotoka nje ya kerneli rasmi, na hiyo iondoeni kwanza. Angalieni pia namba ya CPU, yaani ya kiini kilichokuwa kazini: ikiwa ni ileile kila mara, kiini hicho au njia zake vinastahili kushukiwa, ikibadilikabadilika, shaka ielekee zaidi kwenye programu au memori.

Kisha fanyeni jaribio lililo bora kuliko maxcpus=1. Kwa amri ya lscpu tambueni viini vya kila soketi, kwa sababu namba zake hazipangwi kwa namna moja katika mashine zote, halafu zimeni vile 8 vya kichakataji cha pili kwa kuandika 0 katika faili la online la kila kimoja, ndani ya /sys/devices/system/cpu. Endesheni nakala rudufu kwa viini 8 vilivyobaki. Kerneli ikianguka, kichakataji cha pili karibu kimeondolewa lawama, nanyi sasisheni kerneli na draiva. Ikitulia kwa muda ambao zamani ingekuwa imeshaanguka mara kadhaa, badilishaneni kadi za memori kati ya pande mbili na mrudie jaribio lilelile. Hitilafu ikihamia upande wa kwanza, kadi ndizo mbovu. Ikibaki upande wa pili, na memtest86+, programu ya kupima memori, ikakesha bila kuonyesha kosa, hapo ndipo kununua kichakataji kunapokuwa na sababu, baada ya fundi kukagua pini za soketi yake.