Mbingu nyeupe, mabonde bapa

SWALI: Napiga picha mashamba ya Lushoto kwa simu. Kwa macho ni uzuri mtupu. Kwenye picha mbingu nyeupe, mabonde bapa. Nakosea wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu yangu, nahisi unapiga saa sita, jua la utosi. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali bondeni: jua la ubavuni litayapa matuta ya kabichi vivuli. Chuchumaa, tanguliza kitu mbele, hata jembe lililosahauliwa. Mbingu tupu ipe theluthi moja tu ya picha. Gusa mawingu kwenye kioo, ushushe mwanga kabla ya kubonyeza; mbingu iliyoungua, yaani iliyogeuka nyeupe tupu, hairudishwi na programu yoyote. Ukihariri, nyoosha upeo, inua vivuli kidogo. Kijani usikikoleze. Mimi nilikikoleza, mama akauliza kama ile kabichi ni ya plastiki.