Mkufu wa feruzi umegeuka kijani: usiutie kwenye dawa ya fedha

Ndugu, nimekuelewa: mkufu wa Kinavajo (kabila la wenyeji asilia wa Marekani) wa feruzi, lile jiwe la buluu, na shanga za kombe, mawe yanageuka kijani, fedha imeingia weusi, nawe unataka kuutumbukiza kwenye dawa ya kusafishia fedha. Usithubutu. Dawa hizo nyingi zina asidi. Gamba la kombe ni chokaa, asidi hulila, na feruzi ina vitundu vidogo vinavyoifyonza. Siki na ndimu vivyo hivyo.

Ukijani huo mara nyingi ni jasho, mafuta na manukato yaliyoingia ndani ya jiwe. Kwa kawaida hautoki. Unazuia tu usiendelee. Futa mawe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kausha papo hapo. Usiloweke: uzi huoza, gundi huachia. Fedha isugue kwa kitambaa cha kung'arishia bila kugusa mawe. Weusi ulio ndani ya nakshi uache, maana mara nyingi fundi aliuweka makusudi. Manukato jipulizie kwanza, mkufu vaa mwisho.

Jiwe likicheza au uzi ukilegea, mpelekee sonara anayeijua feruzi, naye asichomelee jiwe likiwa ndani: moto hulipasua.