Marejesho ya kila siku yananimaliza, nikope wapi tena?

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, naishi Mbagala, nauza vitumbua asubuhi. Mume wangu ni fundi ujenzi. Akipata kazi anaacha 10,000 ya matumizi, akikosa haachi kitu. Mtaji wangu wa siku ni 28,000, vikiisha vyote nashika 45,000. Mtoto mkubwa alipoanza kidato cha kwanza nilichukua mkopo wa kausha damu, huu wa marejesho ya kila siku, 300,000. Walikata 15,000 ya fomu, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Ikanielemea, nikachukua nyingine kwingine, 200,000, hiyo narejesha 9,000 kwa siku 30. Ya kwanza nimelipa siku 18, ya pili siku 8. Juzi nimekopa 50,000 kwenye programu ya simu, imeingia 38,000, wanataka 58,000 ndani ya wiki. Mume hajui chochote. Sehemu ya sahihi ya mume alisaini mdogo wangu wa kiume. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mwisho wa mwezi, 70,000 kwa mwezi. Kwenye kikoba nina hisa za 150,000. Mafuta, sukari, mkaa, vyote vimepanda. Kuna dada kanitumia WhatsApp namba ya mkopo wa serikali usio na riba, wanataka kwanza 15,000 ya usajili. Nitume? Na hivi kweli hakuna msaada wowote kwa watu kama sisi?*

*Mama Vitumbua, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Hiyo 15,000 usitume. Mkopo wa serikali usio na riba upo kweli, nitaufikia huko chini, lakini hauombwi kwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu. Ukituma wataomba tena 20,000 ya "bima", kisha 30,000 ya "kufungua akaunti", kisha namba haipatikani.

Sasa chukua daftari. Faida yako ya siku, siku ambayo vitumbua vimeisha vyote, ni 17,000. Marejesho yako ni 22,000. Kila jioni unapungukiwa 5,000, na hapo hamjala. Hiyo 5,000 inatoka kwenye mtaji, na mtaji wa 28,000 unaisha ndani ya siku sita. Ndiyo maana mkopo wa pili haukukusaidia kitu, na wa tatu nao hautakusaidia. Hata leo mtu angekupa 100,000 ya bure, ingeyeyuka vilevile. Ndiyo maana sikutafutii msaada kwanza. Kwanza tupunguze rejesho la siku, halafu tutafute pesa.

Bei ya mkopo wenyewe uione pia. Wa kwanza ulishika mkononi 285,000, utalipa 390,000. Umenunua pesa kwa 105,000 ndani ya mwezi mmoja, na kwa sababu unaanza kuirudisha kesho yake, wastani wa pesa uliyokaa nayo ni kama nusu tu ya hiyo 285,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani taasisi na kampuni zisizopokea amana, kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Wakopeshaji huikwepa kwa kuita ziada "fomu", "usimamizi" au "faini". Kwa hiyo ukifika ofisini usibishane kuhusu riba tu, omba mchanganuo wa maandishi wa kila kilichokatwa na jina lake.

Leo unadaiwa hivi: wa kwanza zimebaki siku 12, sawa na 156,000. Wa pili zimebaki siku 22, sawa na 198,000. Na hiyo 58,000 ya simu. Jumla 412,000. Si pesa ndogo, lakini ina mwisho.

Nenda ofisi zote mbili asubuhi, kabla hujaruka rejesho hata moja. Hili lina maana kubwa. Mteja ambaye hajachelewa bado ana sauti. Akishachelewa siku mbili faini zinaanza, na afisa mikopo anakuja nyumbani na wadhamini nyuma yake. Usiseme "sina hela". Sema: "Nataka kumaliza deni lote, naomba muda uongezwe, rejesho lipungue nusu." Wa kwanza uwe 6,500 kwa siku 24, ambazo ni 156,000 ileile. Wa pili 4,500 kwa siku 44, ambazo ni 198,000 ileile. Kwa jumla 11,000 kwa siku badala ya 22,000. Afisa mikopo anapimwa kwa madeni yaliyolala. Mteja anayelipa kidogo kila siku anamfaa kuliko aliyetoroka mtaa. Akikubali, iandikwe kwenye kadi yako ya marejesho, isainiwe, igongwe muhuri, na iandikwe kwamba hakuna faini kwa ratiba mpya. Ahadi ya mdomo haivuki mlango: akihamishwa tawi, anayekuja atakuhesabia siku zote ulizolipa nusu kama ulichelewa.

Wakikataa, andika barua ya malalamiko kwao, bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha ipeleke kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Benki Kuu haianzi na wewe kabla hujalalamika kwa mkopeshaji mwenyewe, ndiyo sababu nakala ile ni mali. Wakija kubeba televisheni au kabati, usipigane nao. Mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila kitu kiorodheshwe na thamani yake, wasaini. Pia tafuta wasaidizi wa kisheria. Wanafanya kazi bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ofisi ya kata itakuelekeza walipo.

Najua unafikiria kuchukua mkopo wa kikoba ufute kausha damu. Wengi hufanya hivyo na wengi hupoteza. Riba ya kausha damu imeshapigwa ndani ya rejesho tangu siku ya kwanza. Ukimaliza mapema bila kupunguziwa, umelipa riba yao yote na sasa unaanza kulipa ya kikoba juu yake. Uliza swali moja tu: "Nikimaliza leo, nalipa kiasi gani?" Tuseme kikoba chenu kinatoza asilimia 5 kwa mwezi. Wakikwambia 130,000 badala ya 156,000, ukikopa 130,000 kwa miezi mitatu riba ni 19,500, unabakiwa na 6,500 mfukoni. Wakikwambia 156,000 ileile, achana nalo, lipa kidogo kidogo.

Kikoba kitumie kwenye kodi. Vikoba vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa, kwa hiyo wewe unaweza kufika 450,000. Usifike. Mwone mwenye nyumba wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, umwombe apokee miezi miwili, 140,000, na minne iliyobaki umtajie tarehe. Wenye nyumba wanaogopa chumba kukaa kitupu kuliko wanavyoonyesha, na mpangaji anayekuja mwenyewe kabla ya siku husikilizwa. Kopa hiyo 140,000 tu, na uombe rejesho la kwanza lianze baada ya mwezi, wakati mkopo wa siku 24 umeshaisha na ile 6,500 ya kila siku imerudi kwako. Uliza pia kuhusu mfuko wa jamii wa kikoba. Katika vikundi vingi mfuko huo hautozwi riba, lakini ni wa ugonjwa au msiba, hautolewi kwa ajili ya madeni. Usidanganye kwamba mtoto anaumwa. Wenzako wanaishi mtaa uleule.

Hiyo programu ya simu sasa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Angalia kama yako imo. Lipa deni lake mapema kuliko yale mengine kwa sababu ni dogo na linazaa haraka, lakini usiguse kitufe cha "kuongeza muda". Pesa unayolipa hapo haipunguzi deni hata shilingi, wiki ijayo utadaiwa kiasi kilekile. Ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee ruhusa ya majina na picha. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi, kwa hiyo waambie mapema mama yako, wifi zako na wateja wakubwa kwamba wakipata ujumbe wa matusi juu yako wasijibu. Ujumbe wa aina hiyo utunze kwa picha za skrini. Kutangaza deni la mtu kwa watu wake wa simu ni jambo la kupeleka kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na polisi kama kuna vitisho.

Sasa msaada. Upo, lakini mwingi wake ni pesa ambazo unazilipa na pengine hukupaswa kuzilipa.

Anza na LUKU. Ukinunua umeme wa 10,000 ukapata kama uniti 28, uko kwenye kundi la kawaida, ambapo uniti moja pamoja na kodi inapita 350. Kundi la matumizi madogo, D1, uniti 75 za mwezi zinagharimu 9,150. Ni kwa mita ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Taa, televisheni na kuchaji simu haviwezi kufika huko. Friji ndiyo inakaribia, na pasi ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa. Kama mita ni yenu peke yenu, nendeni ofisi ya TANESCO na namba ya mita, muombe waangalie wastani wenu. Kama wapangaji watatu mnachangia mita moja, wastani utapita na ombi litakataliwa. Hapo hakuna ujanja. Kingine: kila mwezi LUKU inakata 1,500 ya kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Tunza risiti, na siku ya kuzungumza naye kuhusu ile miezi miwili, mwombe aitoe kwenye kodi ya pango. Usiponunua umeme miezi mitatu itakatwa 4,500 kwa mkupuo, usishtuke.

Shuleni, ada ya sekondari ya serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, hakuna tangu 2016. Kinachowaumiza wazazi ni michango. Wa chakula mchana mara nyingi ni makubaliano ya wazazi, na mimi ningekushauri uulipe kidogo kidogo kwa sababu mtoto anakula. Wa masomo ya ziada si lazima. Akirudishwa nyumbani kwa mchango, mwone mkuu wa shule, kisha afisa elimu kata, na uombe waraka unaoruhusu mchango huo.

Kama mtoto wenu wa mwisho hajatimiza miaka 5, matibabu yake kwenye kituo cha serikali hayalipiwi. Shida huja pale dawa zinapokosekana na ukaambiwa ukanunue nje. Kabla ya kwenda duka la dawa, ulizia ofisa ustawi wa jamii wa kituo hicho.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, usiihesabu; kaya zake ziliibuliwa kwenye mikutano ya mtaa, haziingii kwa barua ya maombi. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri ndio ule usio na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Unatolewa kwa kikundi cha wanawake kuanzia watano, chenye usajili, katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na andiko la biashara. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata; maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa Wezesha. Vikundi vingi huangukia kwenye andiko: wanaandika "biashara ndogondogo" bila kuonyesha watanunua nini, kwa bei gani, watauza wapi. Wewe una hesabu za vitumbua mkononi, ziandike zilivyo. Lakini usianze kabla ya kumaliza kausha damu. Pesa ya kikundi ukiitia kwenye deni lako, wenzako wanne watalilipa.

Limebaki la baba watoto. Mwambie, na usichague usiku akitoka kwenye zege na njaa. Mwonyeshe daftari, si machozi: nilichochukua, nilicholipa, kilichobaki, nitakachopanga nao. Mwombe mambo mawili tu, kwamba siku za kazi 10,000 isipungue, na kwamba aende yeye kuzungumza na mwenye nyumba. Atakasirika zaidi na ile sahihi kuliko na deni, kwa hiyo usiifiche iwe habari ya pili baadaye. Kabla yake ongea na mdogo wako, maana jina lake liko kwenye karatasi za watu na wao wana namba yake. Na yote haya yafanyike kabla ya kwenda ofisini kuomba ratiba mpya. Wakikubali kuongeza muda, wengi wao huleta fomu mpya yenye nafasi ya sahihi ya mume, na safari hii asaini mwenyewe.